Lifti ya gari nyumbani: sakafu kwanza, bei baadaye

Pita mtaa wowote wa Tabata, Buguruni au Mwananyamala, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi, hukosi kuona miguu ya mtu imejitokeza chini ya gari. Jeki imenyanyua upande mmoja, tofali la saruji limesukumwa chini ya chesisi lishike uzito, na tairi la akiba limelazwa ubavuni eti liwe kinga. Mwenye gari amesimama pembeni na simu mkononi, anamuuliza fundi kama kazi itaisha kabla ya adhuhuri. Jibu linatoka uvunguni.

Tumeizoea picha hiyo hata haitushtui. Lakini tofali la saruji lina tabia moja ya hatari: halitoi taarifa. Gogo likielemewa hulia na kupinda kwanza. Tofali hupasuka ghafla, hasa lile lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kubania. Jeki nayo inashikiliwa na oili iliyozuiwa na sili ya mpira. Sili ikichoka, oili hupenya na gari hushuka, pengine polepole, pengine kwa mkupuo. Kazi ya jeki ni kunyanyua tu. Kulishikilia gari wakati mtu yuko chini yake ni kazi ya kifaa kingine.

Ndiyo maana nafurahi kila nikisikia mtu anaulizia lifti ya gari kwa ajili ya banda lake la nyumbani. Yuko fundi aliyeamua kufanyia kazi nyuma ya nyumba yake badala ya kulipa kodi ya fremu. Yuko mstaafu anayeitunza Land Cruiser yake kwa mkono wake. Yuko mwenye magari mawili matatu ya teksi anayetaka sevisi zote zifanyike uani kwake. Wote hao wana sababu nzuri. Tatizo ni kwamba wengi huanza na swali la "bei gani?", ilhali swali linalotangulia yote ni hili: lifti yenyewe itasimama juu ya nini?

Aina nne, kazi nne

Lifti ya haidroliki ina takriban miaka 100. Fundi wa Memphis, Marekani, aliyeitwa Peter Lunati alianza kuiuza mwaka 1925, akiwa amepata wazo kwenye kiti cha kinyozi kinachopanda na kushuka. Tangu hapo zimetokea aina nyingi, lakini mtu wa nyumbani atakutana na nne.

Ya nguzo mbili ndiyo maarufu. Mikono minne hushika gari chini ya bodi au chesisi na kuliacha likining'inia, matairi yote yakiwa huru. Kwa breki, shokapu, bushi, boljointi na kazi zote za miguu ya gari, haina mpinzani. Pia haichukui nafasi kubwa. Lakini ndiyo inayodai zaidi kwenye sakafu, kwa sababu uzito wote na kila mtikisiko huishia kwenye miguu miwili iliyofungwa kwa bolti.

Ya nguzo nne hubeba gari likiwa limesimama kwa matairi yake juu ya njia mbili za chuma. Ni tulivu, ni rahisi kutumia, inafaa kwa kumwaga oili, kushusha giaboksi na kukagua ekzosi, na gari la pili linaweza kuegeshwa chini yake. Ukitaka kufungua matairi utahitaji jeki ya ziada inayotembea katikati ya njia zile. Inataka eneo refu, kwa kawaida zaidi ya mita tano, bila kuhesabu nafasi ya gari kupandia.

Ya mkasi hujikunja chini na kufunguka kwenda juu. Zile fupi hunyanyua gari kiasi cha nusu mita, za kati hufika mita moja na kitu. Fundi hufanya kazi ameketi au amepiga magoti. Kwa tairi na breki inatosha kabisa, ila mitambo yake hukaa katikati, palepale unapotaka kufikia giaboksi.

Ya nne ni fremu mbili za kubebeka, ambazo huwekwa moja kila upande wa gari na kuunganishwa kwa mipira ya haidroliki na pampu ndogo. Kazi ikiisha zinasimamishwa ukutani. Mtu aliyepanga nyumba, au ambaye banda lake ndilo pia maegesho ya familia, asiidharau hii.

Shimo la zege nalo bado lipo katika gereji nyingi, na halikatiki umeme. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutiririka shimoni na kukaa humo ukingoja cheche ya grainda au ya taa iliyokatika waya. Moshi wa ekzosi nao hujikusanya mle mle. Shimo lisilo na njia ya kupitisha hewa halifai nyumbani, na lisilo na mfuniko ni hatari kwa watoto wanaocheza uani.

Toboa sakafu kabla ya kufungua pochi

Watengenezaji wengi wa lifti za nguzo mbili za kiasi cha tani nne hutaka zege lenye unene usiopungua sentimita 10 na nguvu ya psi 3,000, yaani megapaskali 20 na ushei. Hicho ni kiwango cha chini. Anayemwaga zege jipya afikirie sentimita 15 hadi 20 mahali nguzo zitakaposimama, na aweke nondo.

Kwa sakafu iliyopo tayari, usikubali kuambiwa "hili jamvi ni nene, mzee, usiwe na wasiwasi". Pima mwenyewe. Chukua drili yenye biti ya milimita 10 na utoboe mpaka upite upande wa pili. Kunja ncha ya waya mgumu iwe ndoano ndogo, uingize, kisha uvute juu hadi ndoano ikwame chini ya zege. Weka alama kwenye waya usawa wa sakafu, uutoe, upime. Rudia sehemu mbili au tatu, kwa kuwa mafundi wetu wengi humwaga jamvi juu ya kifusi kisichosawazishwa. Hapa utakuta sentimita 12, hatua mbili mbele ukakuta sita. Tundu utaliziba kwa saruji ya kiganja kimoja. Ukishajua unene, mazungumzo na muuzaji yanabadilika.

Yapo mambo matatu ya uani kwetu ambayo vitabu vya lifti kutoka nje havikuyawaza. La kwanza ni pevingi, ambazo wenzetu wa Kenya huziita kabro. Zinapendeza na zinabeba gari, lakini bolti ya lifti haina pa kushika ndani yake. Lazima zing'olewe na zege limwagwe. La pili ni mteremko. Sakafu nyingi za maegesho zimeinamishwa ili maji ya mvua na ya kuoshea gari yatoke. Lifti ya nguzo mbili inataka usawa, na vipande vya bati vya kusawazishia chini ya nguzo vina kikomo chake, kwa kawaida milimita chache tu. La tatu ni udongo. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana sehemu nyingi za Nairobi na za bara Tanzania, huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na zege lililo juu yake hupasuka. Hapo udongo huo huchimbwa na kuondolewa, mahali pake panajazwa moramu iliyoshindiliwa, ndipo zege lifuate. Bolti iliyo karibu na ufa haina mshiko wa kuaminika.

Kwa zege la kuchanganya kwa mikono, uwiano wa mfuko mmoja wa saruji, mchanga mmoja na nusu na kokoto tatu una uhakika zaidi kuliko ule wa 1:2:4 uliozoeleka. Limwagilie maji kila siku kwa angalau wiki moja, kisha liache lifikishe siku 28 kabla ya kufunga bolti. Muuzaji atasema wiki moja inatosha. Haitoshi.

Paa, upana na mlango

Chukua kimo cha gari refu kuliko yote utakalonyanyua, ujumlishe na kimo cha mtu atakayesimama chini yake. IST ina kimo cha mita moja na nusu hivi. Fundi wa mita 1.75 akitaka kusimama wima chini yake, paa liwe na zaidi ya mita 3.25. Prado inakaribia mita 1.9, kwa hiyo hesabu hupanda hadi mita 3.65. Banda la kawaida lenye dari ya mita tatu halitoshi kwa Prado, na hapo ndipo lifti ya mkasi au fremu za kubebeka zinapokuwa chaguo la busara.

Angalia pia njia ambayo nyaya na mipira hupita kutoka nguzo moja hadi nyingine. Zipo lifti zinazopitisha juu, kwenye boriti inayounganisha nguzo. Hizi huacha sakafu wazi lakini mara nyingi zina urefu wa mita 3.6 hivi. Nyingine hupitisha chini, kwenye bati lililolala sakafuni, na nguzo zake huishia karibu mita 2.9. Bati hilo litakukera kila unaposukuma toroli la vifaa, ila kwa paa fupi ndilo suluhisho. Kwa upana, tenga kama mita tatu na nusu kwa nguzo zenyewe, kisha nafasi ya mtu kupita kila upande.

Tani nne na mikono minne

Kibao kikiandikwa tani nne, wengi husoma kwamba gari lolote chini ya tani nne ni halali. Kwa lifti ya nguzo mbili hesabu ina hatua moja zaidi: uzito huo umegawanywa kwa mikono minne, tani moja kila mmoja. Chukua pikapu yenye jumla ya tani 3.2. Kama asilimia 60 ya uzito iko mbele kwenye injini, mikono miwili ya mbele inabeba tani 1.92, yaani kilo 960 kila mmoja. Umebakiwa na kilo 40 kwa kila mkono, ingawa kwa jumla unaona kilo 800 za akiba. Ongeza bampa la chuma na winchi, umevuka mpaka.

Kwa IST ya tani moja hivi au Noah ya tani moja na nusu, hesabu hii haina shaka yoyote. Land Cruiser 200 yenye tani 2.6 au zaidi inataka uangalifu. Na wale wa Arusha wenye magari ya watalii, yaliyorefushwa chesisi, yakafungwa paa la kufunguka, tangi la pili na friji, wasitumie uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Walipeleke mizani, wapime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake.

Magari hayo marefu, pamoja na Hiace, hukaa vizuri zaidi kwenye lifti ambayo mikono yote minne ina urefu sawa na nguzo zinatazamana. Aina ya pili ina mikono mifupi mbele na mirefu nyuma, na nguzo zake mara nyingi zimegeuzwa kidogo, ili gari dogo likae nyuma zaidi na milango ifunguke bila kugonga chuma. Mwenye magari ya saluni na magari madogo atapenda hii ya pili.

Umeme ukikatika gari liko juu

Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja. Muulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama mota ni ya njia moja au ya njia tatu, volti ngapi na hezi ngapi. Lifti iliyotumika kutoka Japani huenda ikawa na mota ya njia tatu ya volti 200, wakati njia tatu yetu ni takriban volti 400. Ya Marekani imetengenezwa kwa hezi 60. Kwenye hezi 50 za kwetu mota huzunguka taratibu zaidi na kupata joto. Kubadilisha mota kunawezekana, ila gharama hiyo iingie kwenye hesabu mapema. Mota ndogo ya njia moja ya kilowati 2.2 iwe na waya wake na swichi yake ya kujikata, kwa kuwa inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo. Kwa upande wa Luku usiwe na hofu: ikifanya kazi dakika nzima hutumia chini ya uniti 0.04.

Kukatika kwa umeme hakulishushi gari, mradi limelazwa kwenye loki. Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua wakiwa wamechelewa: ili loki zifunguke, gari lazima lipandishwe kidogo kwanza, na kupandisha kunataka umeme. Ukikatika saa nane mchana, gari la mteja litabaki juu mpaka urudi. Uliza kama pampu ina mkono wa kusukuma wakati wa dharura, au panga jenereta inayoiweza mota hiyo.

Loki, kibao na karatasi

Katika lifti nzuri haidroliki hupandisha gari, na chuma ndicho hulishikilia. Ndani ya kila nguzo kuna ngazi ya meno, na ngowe inayoruka kutoka jino moja hadi jingine gari linapopanda. Mlio huo wa ta, ta, ta usikike pande zote mbili. Nyaya za chuma zinazosawazisha pande mbili ziwe hazina nyuzi zilizokatika. Mikono iwe na meno yanayojifunga yenyewe mara inapoachana na sakafu, ili isiteleze gari likiwa juu. Anayekuuzia akikwambia kwamba kifaa fulani kati ya hivi "siyo lazima, kaka", shukuru na uondoke.

Kwa mwambao, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Zanzibar na Mtwara, chumvi ya hewani hula nyaya na bolti kimyakimya. Paka grisi kama kitabu kinavyoelekeza, na kagua sehemu ya chini ya nguzo ambako maji ya kuoshea hutuama.

Tafuta kibao cha mtengenezaji chenye namba ya lifti na uzito wake. Viwango viwili vya kuulizia ni EN 1493 cha Ulaya na ANSI/ALI ALCTV cha Marekani. Taasisi ya lifti za magari ya Marekani, ALI, iliyoundwa mwaka 1945, huweka orodha ya lifti ilizothibitisha kwenye intaneti, na mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa simu. Stika inachapishwa popote. Orodha ndiyo ya kuaminiwa.

Kwa lifti iliyotumika, kwangua rangi mpya iliyopakwa kwenye maungio na utazame kama kuna kulehemu juu ya kulehemu. Uliza sili na nyaya za modeli hiyo zinapatikana wapi. Na kwa lifti za kuchomelea hapahapa, nasema kwa heshima yote kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambao mikono yao inalisha jiji: ujuzi wao ni mkubwa, lakini chuma kitakachoning'iniza tani mbili juu ya kichwa cha mtu kinahitaji mchoro wa mhandisi na jaribio la mzigo lililoandikwa. Bila hivyo viwili, usiingie chini.

Namna ya kunyanyua

Lifti nzuri kwa mikono yenye haraka haina faida. Sogeza gari mpaka uzito wake uwe katikati ya nguzo. Weka pedi za mpira kwenye sehemu zilizowekewa alama na mtengenezaji: kwa magari madogo ni ukingo wa chini wa bodi karibu na matairi, kwa Land Cruiser na Hilux ni chesisi yenyewe. Pandisha hadi matairi yaachane na ardhi kwa kiganja kimoja, usimame. Zunguka utazame pedi zote nne. Likamate gari kwenye bampa ulitikise, mbele na nyuma. Likicheza, shusha uanze upya. Lisipocheza, pandisha hadi kimo unachotaka, kisha lishushe kidogo mpaka likalie loki pande zote. Hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuingia.

Kumbuka kwamba gari hubadilika uzito wakati wa kazi. Ukishusha injini au difu, mizani inahama, na gari lililokuwa limetulia asubuhi linaweza kuinama mchana. Stendi ndefu ya kuegemeza upande uliobaki mzito ni ya lazima katika kazi hizo.

Ambaye bado hajafikia lifti anunue stendi za chuma za jeki zenye uzito ulioandikwa, aweke vizuizi kwenye matairi yanayobaki chini, na ashushe gari likalie stendi kabla ya kulala chini yake. Penye mchanga au udongo laini, aweke ubao mnene chini ya kila stendi. Gharama yake ni ndogo, na kwa sevisi nyingi za nyumbani ndizo zinazotosha.

Bajeti ianze na aliye chini ya gari

Mara banda la nyumbani linapopokea wateja na kuajiri, linakuwa mahali pa kazi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinamtwika mwajiri jukumu la vifaa vya kunyanyulia. Ukaguzi wa mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kwa mwaka ni utaratibu unaokubalika duniani, na haufai kungoja wakaguzi wa serikali wabishe hodi.

Nalisisitiza hili kwa sababu anayelala chini ya gari mara nyingi siye mwenye fedha. Ni kijana anayejifunza kazi, ambaye akiambiwa ingia ataingia, kwa kuwa hana sauti ya kukataa. Mwenye banda ndiye anayeamua kwa niaba yake, na anaamua siku anapopanga matumizi. Basi panga hivi: tenga kwanza fedha za zege, za fundi umeme, za ufungaji na za ukaguzi wa mwaka wa kwanza. Kinachobaki ndicho cha kununulia lifti. Kikiwa hakitoshi kwa ile ya nguzo mbili yenye kibao na karatasi zake, nunua ya mkasi iliyo kamili, na uiache ile kubwa ya mashaka kwa muuzaji wake.